Mwanangu anakariri hadithi nzima, lakini hawezi kuisoma

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mwanangu ana miaka 10 na yuko Gredi ya 4. Akisomewa hadithi mara moja huisimulia karibu neno kwa neno, na juzi aliifungua redio iliyoharibika akaitengeneza. Lakini akipewa kitabu husoma “dada” palipoandikwa “baba”, huruka maneno, na jasho humtoka. Mwalimu wake anasema ni mvivu, mama mkwe anasema amerogwa, na nilipompeleka kupimwa macho niliambiwa hayana kasoro. Je, nikubali arudie darasa? — Mzazi, Umoja, Nairobi.

JIBU: Mama, ulifanya vyema kuanza na macho, kwa maana sasa shaka hiyo imeondoka. Siwezi kuthibitisha lolote kwa kusoma barua tu, lakini unayoyaeleza yanafanana sana na disleksia, hali ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo haipunguzi akili yake. Si jambo geni. Mwaka wa 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14, Percy, aliyeweza hesabu vizuri ilhali jina lake mwenyewe aliliandika “Precy”. Mwalimu wake alisema kwamba angewapita wenzake wote shuleni laiti masomo yangefundishwa kwa mdomo pekee. Bila shaka umemwona mwanao hapo.

Kugeuza b na d peke yake kusikutishe, kwani watoto wengi wanaoanza kusoma hufanya hivyo. Ugumu wenyewe uko katika sauti: mtoto hupata taabu kulitenga neno katika sauti zake na kuioanisha kila sauti na herufi yake. Kiswahili humwonea huruma kidogo, kwa sababu hutamkwa kama kilivyoandikwa, hivyo anaweza kusoma sawasawa ila polepole mno, lakini Kiingereza, ambacho herufi zilezile hubadilisha sauti kutoka neno hadi neno, humchanganya zaidi. Kwa hiyo asihukumiwe kwa Kiingereza pekee.

Kurudia darasa, hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kuzuiwa kuendelea na darasa linalofuata, na sheria hiyohiyo inakataza kumchapa. Isitoshe, mtoto akirudishwa afundishwe vilevile kama mwanzo, sioni atakachokipata ila aibu ya kukaa na wadogo zake.

Mpeleke akafanyiwe tathmini. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka wa 1986, iko Kasarani, si mbali nawe, na ina kituo cha kazi hiyo. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo pia inaweza kukuelekeza. Beba madaftari yake ya zamani, hata yale yaliyojaa kalamu nyekundu, kwa kuwa makosa yake ndiyo yatakayosomwa. Ripoti utakayopewa iwasilishe shuleni mapema, kwa sababu Baraza la Mitihani la Kenya hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na maombi hayo hupitia shuleni.

Nyumbani, tenga dakika 15 kila jioni. Mwaga unga kwenye sinia, aandike b kwa kidole huku akiitamka, kisha apige makofi kwa kila silabi: ba-ba, da-da, ki-ti. Herufi moja ikikaa vizuri ndipo muende kwa nyingine. Vitabu vya sayansi na jamii msomee kwa sauti, maarifa yasimpite kwa sababu ya herufi.

Na mama mkwe usigombane naye. Disleksia mara nyingi hupatikana zaidi ya mara moja katika ukoo mmoja, kwa hiyo muulize kwa upole kama babaye mtoto, au mmoja wa ami zake, aliteswa na vitabu utotoni. Watathmini watakuuliza swali hilohilo, na huenda yeye ndiye pekee anayekumbuka.