Manjano na baridi yabisi: kijiko kimoja kina nini ndani yake?

Barua za maumivu ya viungo mwezi huu zilikuwa nyingi, na karibu zote zimetaja manjano. Tumechagua tano.

Shikamooni wataalamu. Nina miaka 41, naishi Muheza. Mwaka jana niliambiwa nina baridi yabisi, na sasa nameza methotreksati kila Jumapili. Vidole bado vinakakamaa asubuhi. Shangazi anasema niache vidonge, ninywe maziwa ya manjano kutwa mara mbili. Ninywe kiasi gani, na vidonge niache lini?

Marahaba, dada. Maziwa kunywa, vidonge usiache. Sababu iko kwenye hesabu.

Kitu kinachosifiwa ndani ya manjano ni kurkumini, hiyohiyo inayotia rangi. Katika unga mkavu haizidi sana asilimia 3 ya uzito. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 3 hivi, basi mna miligramu 90 hivi za kurkumini. Sasa tazama majaribio yaliyofanyiwa wagonjwa wa baridi yabisi huko India: la 1980 lilitumia miligramu 1,200 kwa siku, na la 2012 lilitumia vidonge vya miligramu 500. Yote mawili yalitumia kurkumini iliyokamuliwa na kukolezwa, si unga wa jikoni. Kufikia miligramu 1,200 kwa unga ungehitaji vijiko 13 kwa siku. Tumbo litagoma kabla hujafika cha tano.

Jaribio hilo la 2012 ndilo linalonukuliwa kila mahali. Waliokunywa kurkumini walipata nafuu ya uvimbe na maumivu hata kuwazidi kidogo waliokunywa diklofenaki. Habari njema, lakini isome mpaka mwisho: walikuwa watu 45, wamegawanywa makundi matatu, kwa wiki 8. Tena diklofenaki ni dawa ya kutuliza maumivu. Kurkumini haikushindanishwa na methotreksati.

Na hapo ndipo shangazi anapokosea, ingawa nia yake ni njema. Baridi yabisi ni kinga ya mwili iliyogeuka kushambulia utando wa ndani wa viungo. Utando unavimba, unanenepa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa wa pembeni. Maumivu ni jambo moja, ulaji huo ni jambo jingine. Unaweza kutuliza la kwanza huku la pili likiendelea kimyakimya, na mfupa ukishaliwa haurudi. Methotreksati imo katika kundi la dawa zinazozuia huo ulaji.

Vidole kukakamaa bado si dalili kwamba dawa imeshindwa. Methotreksati huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, na mara nyingi watu huanzishwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Fanya hivi: kwa wiki mbili, kila asubuhi, andika ulipoamka saa ngapi na vidole vilipolegea saa ngapi. Ukimpelekea daktari daftari lenye "dakika 70, dakika 90, dakika 60" atajua kama apandishe dozi au aongeze dawa nyingine. Ukimwambia tu "bado naumwa", hana pa kushika. Na tafadhali, methotreksati inabaki mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kwa kukosea kumeua watu. Asidi ya foliki uliyoandikiwa usiiruke, na vipimo vya damu na ini uende kwa tarehe zake.

Maziwa yenyewe: kikombe kimoja cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili manga iliyotwangwa papo hapo, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Moto mdogo, dakika 10, ukikoroga. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji ila kwenye mafuta, ndiyo maana chai ya manjano ya maji matupu huacha unga umekaa chini ya kikombe. Tui la nazi linafanya kazi ileile. Wapika mchuzi wa samaki wa Tanga wamekuwa wakifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Kikombe kimoja au viwili kwa siku havina neno. Wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, waliweka kikomo cha kurkumini kwenye chakula kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 180, yaani vijiko viwili hivi vya unga.

Mimi ni mzee wa miaka 63, Kisauni, Mombasa. Kijana wangu aliye Doha amenitumia chupa ya vidonge vya manjano vyenye pilipili manga. Nina baridi yabisi, na pia natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya damu iliyoganda mguuni. Naweza kuanza?

Hapana mzee wetu, chupa hiyo iweke kando. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa aliyekuwa ametulia kwenye warfarini kuongeza bidhaa ya manjano. Ndani ya wiki chache kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilipita 10. Kwa damu iliyoganda mguuni, kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni kati ya 2 na 3. Kupita 10 maana yake mtu anaweza kuvuja damu ndani bila hata kujikwaa.

Kwa wasomaji wengine wenye chupa kama hiyo, geuzeni mbele nyuma. Maandishi makubwa ya mbele hayasemi kitu. Nyuma, tafuta kama imeandikwa ni unga wa manjano au ni kurkumini iliyokamuliwa kwa asilimia 95. Kidonge cha miligramu 500 za unga kina kurkumini miligramu 15 tu. Kidonge cha miligramu 500 zilizokamuliwa kina 475. Namba ya mbele ni moja, tofauti ni zaidi ya mara 30. Cha kwanza ni kiungo cha jikoni kwa bei ghali, cha pili ni dawa, na kiheshimiwe kama dawa.

Halafu kuna piperini, ukali wa pilipili manga. Utafiti wa India wa 1998 uliona kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza kurkumini inayoingia kwenye damu mara 20. Hufanya hivyo kwa kulizuia ini na utumbo visiivunje upesi. Tatizo ni kwamba ini halichagui: dawa nyingine ulizomeza nazo zinaweza kubaki mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Ini lenyewe pia hulipa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza watu 10 walioumia ini kwa bidhaa za manjano. Watano walilazwa, mmoja alifariki.

Kwa hiyo anayekunywa methotreksati, ambayo nayo hulemea ini, tunamshauri asiongeze vidonge vilivyokolezwa. Anayeng'ang'ania, basi apime ini kabla, apime tena baada ya wiki 4 hadi 6, na asianze kitu kingine kipya wakati huo, ili kikiharibika kitu ajulikane mkosaji. Mwenye mawe kwenye nyongo asiguse, kwa sababu kurkumini huifanya nyongo ijikaze. Anayetumia dawa za kisukari aangalie sukari isishuke mno. Anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi nzito, mwili ukiwasha bila vipele, au macho yakigeuka njano, acha siku hiyohiyo uende hospitali. Usijidanganye kwamba ni rangi ya manjano: manjano huweza kutia rangi choo, macho hayatii.

Je, nikipaka manjano yaliyokorogwa na mafuta ya nazi kwenye goti itasaidia? (Msomaji, Bagamoyo)

Utakachopata zaidi ni nafuu ya kukandwa na ya joto, nayo si haba. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, usubiri siku moja, kwa kuwa ngozi za wengine hutoka vipele. Usipake penye kidonda. Kanga ikichafuka, sabuni itafanya doa liwe jekundu kama damu. Usishtuke, ndivyo manjano yanavyofanya yakikutana na sabuni. Suuza, anika juani, jua litalifubaza.

Mama yangu, Dodoma, alinunua unga wa njano wa "mitishamba ya viungo" kwa mchuuzi. Siku ya tatu aliinuka na kutembea kama msichana. Sasa ni mwezi wa tatu, uso umekuwa mviringo na anakula sana. Ni manjano yanamnenepesha?

Manjano hayafanyi hivyo, wala hayafanyi kazi kwa siku tatu. Unachoeleza kinafanana sana na dawa za jamii ya prednisoloni au deksamethasoni, yaani steroidi za kushusha uvimbe, zilizochanganywa kwa siri. Hila hii imeenea duniani: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo, baada ya kukuta ndani deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa.

Jambo la kwanza, na hili ni la haraka: asiache ghafla. Akitumia dawa hizo kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini huwa zimelala. Ukikata siku moja, anaweza kutapika, presha ikaporomoka, akazirai. Mpeleke hospitali kesho, pamoja na unga uliobaki ukiwa kwenye kifuko chake kilekile. Aseme wazi amekunywa kiasi gani na kwa muda gani. Apimwe presha na sukari, na daktari ndiye atakayempangia kupunguza kidogokidogo. Akianza kutapika au kulegea kabla ya hapo, msisubiri kesho. Kisha toeni taarifa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Na baridi yabisi yenyewe, kama ndiyo, bado haijatibiwa, kwa hiyo apimwe pia.

Manjano ya unga sokoni kwetu Morogoro yanang'aa kupita kiasi. Nitajuaje kama ni salama?

Kwa macho hutajua, na vile vipimo vya glasi ya maji vinavyosambazwa kwenye simu havitoshi. Hofu ina msingi. Huko Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani. Serikali ilibana mwaka 2019, na kufikia 2021 rangi hiyo ilikuwa imetoweka masokoni. Risasi ni madini yenye sumu, haitoki kwa kuchemsha, na mtu anayekunywa kila siku kwa ajili ya viungo hukusanya nyingi kuliko anayepikia pilau. Tena unga unaouzwa kwa jina la bizari mara nyingi ni mchanganyiko, giligilani na wenzake, basi hujui hata manjano ni kiasi gani.

Nunua mbichi, kilo 5, utapata kilo moja hivi ya mkavu. Osha kwa brashi mpaka udongo wa kwenye vifundo utoke. Chemsha dakika 45 hadi saa moja, mpaka kijiti kipenye bila kusukumwa. Ukiruka hatua hii rangi haitasambaa sawa na kukauka kutachukua muda mrefu. Kata vipande vyembamba vya milimita 3, utandaze kwenye wavu ulioinuliwa kutoka chini, funika kwa kitambaa chepesi. Ukivianika juani bila kitambaa vinakauka upesi, lakini mwanga huvunja kurkumini. Usiku ingiza ndani, umande huleta ukungu, na kipande chenye ukungu hutupwa, hakikwanguliwi. Vimekauka pale vinapovunjika kwa mlio badala ya kupinda. Saga kidogo kidogo, wa mwezi mmoja kwa mara moja, na uweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko. Vipande vilivyobaki viache vizima.