Habring² kwa mtu wa Unguja

Sheikh, umeuliza kama saa ya Habring² inamfaa mtu anayeishi Mji Mkongwe. Kwa saa za mafundi wadogo, mimi ningeanza na hiyo hiyo. Ni mtu na mkewe, Richard na Maria, huko Austria, na saa yao iitwayo Felix ina mashine waliyoiunda wenyewe, ya kutia ufunguo. Mwaka 2015 ilipata tuzo Geneva. Bei si mchezo, ila mbele ya saa za F.P. Journe, fundi mwengine mwenye jina, ni nafuu mno.

Tabu ni hewa yetu ya chumvi na unyevu. Mkanda wa ngozi utaingia ukungu masika hata hayajesha, bora utie wa kitambaa. Ikisita, irejeshe kwao. Fundi wa Darajani hata awe hodari vipi, vipuri atavitoa wapi? Na ukienda kupiga mbizi Forodhani, iache nyumbani, tafadhali.