Mbwa mwoga haponi kwa giza wala pilipili: nilivyoishi na Nyota wa mwaloni

Mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Una dume wa miezi 7, umemleta Buhongwa akulindie nyumba, na tangu afike anashinda chini ya gari. Ukimwita anafyata mkia na kujikojolea. Juzi amemuungurumia mwanao. Na tayari kuna mchangiaji amekushauri umfungie kwenye banda la giza mchana kutwa na kumlisha pilipili, eti akitoka humo atakuwa simba. Nakuomba sana usifanye hivyo. Naandika kirefu kwa sababu nina mwaka wa nne naishi na mbwa wa namna hiyo, Nyota, hapa hapa Mwanza, na mwanzoni nilikosa mtu wa kunielekeza.

Nianze na hilo banda. Mbwa anayefungiwa gizani haoni watu wakiingia na kutoka. Hajui mgeni aliyekaribishwa anafananaje na mtu anayeruka ukuta. Hajui kwamba mtoto anapokimbia anacheza tu. Usiku ukimfungulia, kila kinachosogea kwake ni adui. Watu wakiona anarukia hovyo wanasema ni mkali, kumbe ni hofu iliyokosa pa kukimbilia. Mbwa wa hivyo ndiye anayemng'ata mtoto wa humo humo ndani. Na pilipili haimfundishi chochote, inamuunguza mdomo na tumbo.

Nyota nilimkuta mwaloni Igombe, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, nilipoenda kununua dagaa. Alikuwa amejikunyata chini ya mtumbwi uliopinduliwa, shingoni ana uzi wa nyavu ambao alifungwa akiwa mdogo na ukaachwa mpaka ukazama kwenye ngozi. Mzee mmoja wa pale alinisaidia kumfunika gunia na kumpakia kwenye bajaji. Daktari wa mifugo aliukata ule uzi, akamsafisha kidonda, akamtazama meno na kukadiria kuwa ana mwaka na nusu. Kwa hiyo wewe mwenye mbwa wa miezi 7 una nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo mimi. Ni kweli kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea mambo mapya bila woga ni kati ya wiki ya 3 na kama ya 14, na wako kimempita. Lakini mbwa anaendelea kujifunza maisha yake yote. Inachukua muda zaidi tu.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani kwangu Bwiru. Mnaozijua nyumba za huku mnajua tunaishi katikati ya mawe. Nyota alipofika tu alijipenyeza kwenye mwanya kati ya mawe mawili nyuma ya nyumba, akakaa humo. Siku tatu za kwanza nilikosea kabisa. Nilimfuata na sahani ya ugali, nikachuchumaa mbele yake, nikambembeleza, nikanyoosha mkono nimshike kichwani. Kila nilipomkaribia alizidi kuzama ndani. Siku ya tatu alinionyesha meno. Hapo ndipo niliponyamaza na kujiuliza yeye anaona nini pale alipo: mtu mkubwa ameziba mlango pekee wa kutokea, anamkodolea macho, anamshushia mkono kutoka juu.

Nikaigeuza cherehani nikampa mgongo. Nikaweka kopo la dagaa mezani. Kila nikimaliza mshono mmoja natupa dagaa mmoja nyuma yangu, bila kugeuka wala kumwita. Siku ya kwanza waliliwa na kuku. Siku ya pili nikawafungia kuku. Siku ya nne nikaanza kusikia kucha zikikwaruza sakafu, halafu kimya, halafu kucha zikirudi mbio kwenye mawe. Nikaendelea kushona.

Siku ya kumi na moja nilikuwa napinda sketi ya sare ya shule. Mkono wa kushoto niliuning'iniza chini, dagaa mmoja katikati ya vidole, naye nimemsahau kwa sababu uzi ulikuwa umekatika. Nikahisi pumzi ya moto kwenye kifundo cha mkono. Kisha kitu cha ubaridi, pua yake, ikagusa kidole gumba ikaondoka. Ikarudi. Alimshika yule dagaa kwa mkia, kwa ncha ya midomo, akamvuta taratibu hata sikusikia jino. Sikugeuka. Sikumgusa. Nilikanyaga cherehani polepole ile sauti isikatike ghafla, na machozi yalinitoka.

Niliwachagua dagaa kwa sababu wananuka sana, ni wadogo, na kwetu ni rahisi. Waoshe mchanga, wakaange bila mafuta wakauke, wakate vipande viwili. Anachokula kwenye mafunzo kipunguze kwenye chakula chake cha jioni. Mifupa ya sangara na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inachoma koo na utumbo.

Sasa sehemu ambayo wengi tunaikosea: wakati wa kutoa. Zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili tangu afanye jambo zuri, la sivyo anaiunganisha na jambo jingine. Nilipokuwa namfundisha Nyota kukaa, alikaa, nami nikaanza kutafuta kopo. Nilipolipata alikuwa ameshasimama na kunirukia, ndipo nikampa. Baada ya wiki nilikuwa na mbwa anayeruka kwa ufundi mkubwa. Dawa yake nimeipata kwa panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa na APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wanaanza kwa kuwazoesha watu na sauti wakiwa wadogo. Kisha kila panya akipatia kunalia kidude "klik", halafu anapewa ndizi. Ile sauti ndiyo inayomwambia "hapo hapo, ndicho nilichotaka", hata kama chakula kinachelewa kidogo. Hakuna anayempiga. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu zaidi ya 70 huko Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Mimi sina kidude, natumia neno "safi!", fupi, kwa sauti ile ile kila siku. Mwanzoni nilikuwa nasema "safi" na kumpa dagaa papo hapo, mara kumi au kumi na tano, bila kumtaka afanye lolote, mpaka neno lenyewe likawa tamu.

Kuhusu kujikojolea: usimgombeze, na usimfute pua kwenye mkojo. Hajakosa adabu. Kwa lugha ya mbwa anakuambia "mimi ni mdogo, usinidhuru." Ukimfokea anaongeza, kwa sababu anaona hajajieleza vya kutosha. Ukirudi kazini usimwendee. Ingia, mpite, kaa chini umpe ubavu, usimkazie macho. Akija mwenyewe mkune kidevuni au kifuani, siyo utosini. Mkono unaotoka juu unamtisha mbwa ambaye amewahi kupigwa. Mkojo ufute baadaye, asipokuwepo. Kwangu ulikoma kabla ya miezi miwili.

Na ile ngurumo usimpige kwa ajili yake. Hili nalisema kwa uzito wote. Mbwa anayeunguruma anakupa onyo, na onyo ni heshima. Ukimpiga mpaka aache, hofu inabaki pale pale, kinachopotea ni kengele tu. Siku nyingine atang'ata bila kusema kitu. Kabla ya kuunguruma kuna dalili ndogo: analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi, analaza masikio, anageuza uso lakini jicho linabaki kwako mpaka weupe unaonekana. Mfundishe mwanao hizo dalili kama unavyomfundisha kuvuka barabara. Kwa sasa asiende chini ya gari kumfuata, asimguse akila wala akilala, na usiwaache wawili peke yao. Mtoto akae mbali akimtupia dagaa, mbwa aamue kusogea au kutosogea. Uhuru wa kuondoka ndio unaomfanya abaki.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo. Sikio lenye usaha au jino bovu humfanya mbwa akatae kuguswa, nawe ukadhani ni tabia. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala, ni kila mwaka kwa ratiba atakayokupa. Na mtu yeyote aking'atwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Radi hukuiuliza, ila itakufikia. Ziwa letu, Viktoria, ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kukutana juu ya ziwa na mawingu yanapanda. Alfajiri ngurumo inatua kwenye mabati yetu. Mvua ya kwanza ya vuli Nyota alikwangua mlango mpaka kucha zikatoka damu. Nikairekodi radi kwa simu. Siku za jua nikawa namchezea ile sauti chini sana, hata mimi siisikii vizuri, huku anakula. Kila siku mbili tatu naongeza kidogo. Akiinua kichwa kutoka kwenye bakuli nimezidisha, narudi nyuma. Ilichukua msimu mzima. Pia nilimtandikia gunia chini ya meza ya cherehani na kulitundikia khanga kama pazia. Hapo ni pake. Akiingia humo hakuna anayemtoa, hata mimi. Na kumbembeleza mbwa anayetetemeka hakumzidishii woga, wanaosema hivyo wanakosea. Akikuegemea, mwache akuegemee.

Tabia za kila siku nilizofundisha ni chache: jina lake, "njoo", "kaa", kutembea na kamba bila kuvuta, na kutomrukia mtu. "Njoo" ina sharti moja: usimwite kamwe kwa ajili ya kumwadhibu au kumwogesha. Ukitaka kumwogesha mfuate mwenyewe. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha, na umalizie akiwa bado anataka. Kamba usifunge shingoni kwa mbwa mwoga. Wangu nilimshonea mkanda wa kifuani kwa mikanda ya mabegi mitumba, unapita mbele ya kidari na nyuma ya makwapa. Fundi yeyote wa mabegi ukimpelekea mikanda atakushonea.

Hilo la kutoruka lina uzito kwetu. Majirani zangu ni Waislamu, na mama wa nyumba ya pili hupita getini kwangu akienda swala ya magharibi. Mate ya mbwa yakimgusa inabidi arudi kujisafisha upya. Kwa hiyo Nyota alijifunza kwamba geti likilia, anakwenda kukaa kwenye kigunia chake, na dagaa inafika hapo hapo kwenye kigunia, haiji getini. Ilichukua wiki tatu za kurudia. Siku hizi yule mama akipita hutusalimia, nasi tunamwitikia tukiwa mahali petu.

Umeuliza kama mbwa aliyelelewa kwa upole atalinda. Nyota hubweka akisikia hatua asiyoijua, na kwa sababu habweki hovyo, akibweka tunaamka. Mwaka jana usiku alibweka upande wa tangi la maji, kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipowasha taa, mtu alikuwa anashuka mawe kwa kasi, mpira wangu wa maji umeshakatwa. Nyota alikuwa amesimama wazi uani, mkia juu. Nilimwita, akaja.

Usitegemee aje asiogope kitu. Wangu hadi leo akiona gambuti anaingia chini ya cherehani, nadhani ni za mwaloni anazozikumbuka. Simlazimishi. Mteja akija na gambuti namwomba azivue getini, ninazo ndala namba tatu tofauti za kumpa.