Tathmini ya mwaka: nenda na karatasi mkononi

Dada, umesema tathmini yako ni Ijumaa ijayo, uko kitengo cha bukingi kwenye kampuni ya utalii hapo Arusha, na meneja ni mpya. Anza na malengo mliyosaini mwaka jana. Kila lengo liandikie mstari mmoja wenye tarakimu. "Nilijibu maombi ya wageni ndani ya saa 24" ina uzito, "ninajituma" haina. Ushahidi uchimbe kwenye barua pepe zako, hasa za Juni hadi Oktoba, msimu ukiwa juu. Meneja anayepima watu Aprili, masika imekaza na simu haziiti, hukumbuka wiki mbili za mwisho tu, na hapo ndipo wengi huumia.

Kosa lako kubwa litaje mwenyewe kabla hajalitaja, kisha eleza ulichobadilisha. Mshahara uache mwisho, na utaje kiasi.

Fomu yenye nafasi tupu usiisaini. Usipokubaliana na alama, andika hoja zako sehemu ya maoni, ndipo usaini na uchukue nakala. Kugoma kusaini ni hasira tu, hakubadilishi alama.

Kuhusu hofu yako ya kufukuzwa: kwa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya ajira, mwajiri anayelalamikia utendaji duni anatakiwa kwanza akuelekeze na akupe muda wa kujirekebisha. Akiruka hatua hizo na kukuachisha, shauri lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.