Chicago mwezi wa Januari: theluji haina neno, iogope siku ya jua

Mdogo wangu uliyeuliza kama utaiweza baridi ya Chicago, kwa kuwa unafika Januari na mtoto wa miaka minne na picha za theluji zimekutia hofu: mimi ni wa Tanga, na Rogers Park, mtaa wa Chicago, nimekaa miaka kumi na mmoja. Nikusimulie wiki moja tu, ile ya mwisho wa Januari 2019.

Jumatatu tuliamka theluji imejaa mpaka ngazini. Hiyo ndiyo siku ambayo wewe ungeiogopa, na wala haikuwa na neno. Theluji ikishuka kuna mawingu, na mawingu huufunika mji kama blanketi. Unashika beleshi, unasafisha njia, unamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, jasho linakutoka.

Jumatano tarehe 30 nikafungua pazia: anga buluu, jua linawaka, wingu hakuna hata la dawa. Kwa Tanga hiyo ni siku ya kuanika nguo. Kumbe alfajiri ile kipimo cha uwanja wa ndege wa O'Hare kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri, na kwa upepo mwili ulihisi kama 47. Hewa iliyotujia ilitoka ncha ya kaskazini, nayo ni kavu, haina mawingu. Bila mawingu, joto la ardhi linapaa lote usiku. Shule zilifungwa, posta haikuleta barua, na Metra, kampuni ya treni za vitongojini, waliwasha moto wa gesi kwenye maungio ya reli ili treni zipite.

Mimi natunza wazee, nao hawaachwi peke yao, kwa hiyo nilitoka. Kabla sijafika kona ya kwanza vinyweleo vya puani viliganda, kope zikaanza kunatana. Nilivaa hereni za chuma. Baridi ikapita humo mpaka kwenye ndewe, na sikio liliniuma siku tatu. Hereni acha nyumbani. Kwenye kituo cha treni cha Morse kuna hita za juu, unabonyeza kitufe ziwake. Tulijibana chini yake watu kama kumi, hatujuani, bega kwa bega.

Usiku ule hita ya nyumba yetu ikazima, mwenye nyumba akasema tusubiri kesho. Usikubali jibu hilo, hasa ukiwa na mtoto. Sheria ya jiji inamtaka ahakikishe nyuzi 20 mchana na 19 usiku, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni. Akikuzungusha, piga 311, simu ya huduma za jiji, ushitaki. Na acha bomba la jikoni lichirizike kidogo usiku kucha, ufungue na milango ya kabati chini ya sinki ili joto liingie. Jirani wa juu hakufanya hivyo. Bomba lake likaganda likapasuka kimyakimya, na Jumatatu ya tarehe 4 Februari, hewa ilipopanda hadi nyuzi 10, barafu ikayeyuka na maji yakashuka kwenye dari letu.

Mavazi: ya ndani kabisa yawe ya sufu, si pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Mtoto mnunulie glavu za vidole vya pamoja, vidole vinapeana joto. Buti zake ziwe kubwa kidogo, soksi nene iingie bila kubana; zikibana damu haifiki vidoleni. Hata za mtumba zinafaa, ila ingiza mkono ndani kwanza uhakikishe ni kavu.