Maswali yenu: Bomba safi kutoka mkononi mwa rafiki

Safu iliyopita niliandika kwamba sheria imruhusu mraibu anayejidunga unga, yaani heroini, kumpa mwenzake bomba jipya la sindano. Mmeniletea maswali, na mengine ya hasira. Haya ndiyo majibu.

Nimeacha kujidunga, sasa natumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga. Wenzangu bado wanajidunga. Nikiwanunulia mabomba nikawapelekea maskani, nakosea? (Kijana, Jang'ombe)

Kiafya unaokoa watu, na nakushukuru. Lakini askari akikukuta na mabomba kumi mfukoni anaweza kukuhesabu mmoja wao, kwa hiyo kwa sasa fuatana na waelimishaji rika wa asasi inayotambulika, ukiwa na kitambulisho chao.

Hapo ndipo ninapotaka sheria ibadilike. Mtu aliyebanwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, saa nane za usiku haendi kutafuta kituo. Anachukua bomba lililo karibu, hata kama limeshatumiwa na watu watatu. Aliye karibu naye saa hiyo ni rafiki yake, si daktari. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la sindano zisizopungua 200 kwa kila anayejidunga kwa mwaka. Sioni vituo vikilifikia bila mikono ya watu kama wewe.

Mwanangu anasema hawachangii sindano, wanachangia kijiko tu. Pana hatari? (Mama, Wete)

Ipo, mama yangu. Unga hutiwa maji kwenye kijiko au kifuniko cha chupa, ukapashwa moto, kisha kila mmoja akavuta sehemu yake kupitia kipande kilekile cha pamba. Mmoja wao akiwa na bomba alilokwisha kulitumia, damu iliyosalia ndani yake inaingia kijikoni, na wote wanaivuta. Virusi vya homa ya ini aina ya C vimewahi kukutwa hai ndani ya bomba baada ya siku 63. Nenda naye akapimwe homa ya ini na UKIMWI, na usimgombeze njiani.

Kwa hiyo sheria ikitaja sindano peke yake haitoshi. Uingereza iliruhusu sindano kwanza, na ilipofika 2003 ndipo ikaruhusu wafamasia na wahudumu wa waraibu kutoa pia maji safi na pamba za spiriti.

Ulevi ni haramu. Kuruhusu sindano si kuhalalisha haramu? (Maalim, Mkoani)

Maalim, hakuna anayeomba unga uhalalishwe. Januari 2005 Ayatollah Shahroudi, mkuu wa mahakama za Iran, aliwaandikia majaji na waendesha mashtaka wasiingilie ugawaji wa sindano safi wala tiba ya methadoni. Unga ulibaki haramu kule, na adhabu zake ni kali. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu ya dini, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Na mtazame hali yetu. Utafiti wa 2007 Unguja ulikuta watu 16 katika kila 100 wanaojidunga wana VVU. Wa 2012 ukakuta 11 hivi. Katika jamii nzima ya Zanzibar hafiki hata mmoja katika 100. Hao wanaojidunga wana wake na waume, nao ni watoto wetu.

Mateja wakija dukani kwangu niwauzie sindano? (Muuza dawa, Chake Chake)

Wauzie, na usiwaulize jina.

Basi unataka sheria iseme nini? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Kwanza, kuwa na bomba safi na vifaa vyake vingine safi, au kumpa mtu, kusiwe kosa wala ushahidi wa kosa, awe anayetoa ana kibali au hana. Sydney madaktari walianza kugawa sindano mwaka 1986 ilhali sheria inakataza, na sheria ikafuata baadaye. Lakini katika baadhi ya majimbo ya Australia kibali kilipewa vituo tu, na mraibu aliyempa mwenzake akabaki mkosaji. Tusiirejee njia hiyo.

Pili, mabaki ya unga ndani ya bomba lililotumika yasimfungulie mtu kesi. Ukimtisha kwa mabaki hayo atalitupa ufukweni au uchochoroni wanakocheza watoto, badala ya kulirudisha.

Zanzibar ina sheria yake ya dawa za kulevya, mbali na ya Bara, na ya kuibadilisha ni Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mwandikie mwakilishi wa jimbo lako, umweleze haya mawili.