Tiba binafsi? Bima wanapokea?

Msomaji wa Uyole kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Kwenye semina ya afya tumeambiwa kuna tiba binafsi, yaani unapewa dawa kulingana na vinasaba vyako. Mama mmoja akauliza, kwa hiyo bima hawapokei? Ukumbi mzima ukacheka. Hicho Kiswahili ni sahihi?"

Marahaba. Waliocheka ndo wa kuchekwa, mama yuko sawa kabisa. Hapa kwetu ukisema hospitali binafsi au shule binafsi mtu anashika mfuko kwanza. Neno ni la Kiarabu, bi na nafsi, kwa nafsi yake, basi, ila sisi tumelibebesha kila mzigo kama bodaboda ya viazi. Juzi kwenye kikao cha harusi Mwanjelwa mjumbe kasimama, "mimi binafsi mwenyewe kama mimi, nafsi yangu," nikahesabu kwa vidole, mtu mmoja kajitaja mara tano na bado hajasema anachanga ngapi! Na nafsi si imo humo humo ndani ya binafsi jamani, sasa ile ya pili ya nini? Tumesubiri weee, baridi lile, mwisho kaahidi elfu kumi.

Haya, tiba yenyewe. Jambo lenyewe ni zuri, halistahili jina bovu. Kuna watu wana upungufu wa kimeng'enya, yaani kichocheo cha kazi za mwili, kinaitwa G6PD, wamezaliwa nao, ukiwapa primakwini ya malaria chembe nyekundu za damu zinapasuka na mkojo unakuja kama chai ya rangi, wakati jirani kameza hiyohiyo na kaenda shamba. Efavirenzi nayo, ile ya ARV, kuna ambao vinasaba vyao vinafanya mwili uisage polepole, usiku ni kizunguzungu na ndoto za ajabu. Kwa hiyo unapima kwanza ndo unatoa dawa, kama fundi cherehani na futi yake, siyo mtumba unaojaribishia mgongoni.

Mimi nasema tiba mahsusi. Hata tiba ya kupimiwa nitaivumilia. Vinasaba sina ugomvi nalo, limetoka kwenye nasaba, ukoo, limekaa vizuri. Tiba binafsi nalo najua litashinda, nimeshazeeka kwenye hizi vita, ila kuna mwingine kaandika "tiba iliyobinafsishwa" na huyo simsamehi, kubinafsisha tunakujua tangu miaka ya 1990, ndo vile viwanda vya umma vilivyouzwa. Sasa hapo kimeuzwa nini, figo?